Nyanya za Mbegu za Asili: Hesabu Maji na Mnunuzi Kabla ya Kupanda

Katika vikao vya wananchi, swali moja la kilimo limekuwa likirudi mara kwa mara: mtu mwenye kiploti kidogo Kiwanjani, tangi moja la maji na mbuzi wa jirani wanaozurura, anaweza kupanda nini kikamlipa? Somo la toleo hili linachukua zao moja, nyanya za mbegu za asili za kuuzia mikahawa, hoteli na wanunuzi wa mboga. Zinaweza kulipa. Zinaweza pia kumaliza akiba ya nyumba kwa msimu mmoja. Tofauti iko katika hesabu inayofanywa kabla mbegu haijagusa udongo.

Neno "asili" lisitupotoshe. Nyanya si mmea wa Afrika. Ilitoka Amerika ya Kusini na Meksiko, ikafika kwetu kupitia wageni. Tunaposema nyanya za mbegu za asili tunamaanisha aina za zamani ambazo mkulima anaweza kuchukua mbegu kutoka kwa tunda lake, akapanda, akapata nyanya ile ile, mwaka baada ya mwaka. Ni mbegu za kurithishana. Mbegu chotara, zile zenye alama ya F1 kwenye pakiti kama Anna F1 au Kilele F1, ni tofauti. Hizo ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa na kampuni. Ukipanda mbegu kutoka kwa tunda lake utapata mchanganyiko: mche mmoja mfupi, mwingine mrefu, matunda ya kila namna. Ndiyo maana anayepanda chotara hurudi dukani kila msimu.

Wengi wetu tumewahi kula nyanya ya aina hizi za zamani bila kujua jina lake. Money Maker, inayouzwa katika maduka mengi ya pembejeo nchini, ilitoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Marglobe ilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925. Wapishi wa hoteli wanazijua nyingine zenye sura ya ajabu kidogo: Brandywine kubwa yenye rangi ya waridi, Black Krim yenye wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, Cherokee Purple ya zambarau, San Marzano ndefu ya Italia inayopendwa kwa mchuzi. Mgeni akiletewa sahani yenye rangi tatu za nyanya hupiga picha kwanza, kisha ndipo anakula. Mpishi analijua hilo.

Kwa nini mkulima wa Isiolo ana nafasi

Nyanya nyingi zinazouzwa katika soko letu zimesafiri. Zinatoka upande wa Meru, Mwea huko Kirinyaga, nyakati nyingine mbali hadi Loitokitok. Zimepakiwa katika makreti makubwa ya mbao ambayo moja hubeba takribani kilo 64, na nyanya ya chini kabisa imebeba uzito wa zote zilizo juu yake. Inayoweza kuvumilia safari hiyo ni ile yenye ganda gumu na nyama ngumu. Aina nyingi za kisasa zimezalishwa kwa sababu hiyo hasa, na hakuna aibu katika hilo. Bila hizo soko lingekauka.

Nyanya ya asili haiwezi safari hiyo. Ganda lake ni jembamba, hupasuka kwa urahisi, na ikiiva haikai dukani wiki nzima. Kwa mkulima wa Loitokitok huo ni udhaifu, kwa sababu itafika Isiolo ikiwa rojo. Kwa mkulima wa Kiwanjani udhaifu huo huo ndio kinga yake. Hoteli za mjini ziko umbali wa bodaboda. Archers Post haifiki kilomita 50 kwa barabara ya lami, na hapo ndipo njia ya kwenda hifadhi za Buffalo Springs, Shaba na Samburu. Nanyuki na mikahawa yake iko umbali wa asubuhi moja. Aliye karibu anaweza kuchuma leo na kufikisha leo. Wa mbali hawezi kumfuata kwenye bei hiyo hata akiwa na lori.

Kwa hiyo usipande nyanya za asili kushindana sokoni na kreti la Mwea. Hapo utapoteza, maana mazao yake kwa mche ni machache na mama mboga hatalipa zaidi kwa ajili ya rangi. Panda kwa ajili ya mnunuzi anayetaka kile ambacho lori haliwezi kuleta.

Hesabu ya maji

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Mwandishi wa makala hii ni mmoja wao. Nilipanda miche minane nyuma ya nyumba ya kupanga, nikaimwagilia maji ya kutosha wikendi na kuisahau katikati ya wiki kazi ilipozidi. Matunda yalitoka mazuri, kisha kila moja likaota doa jeusi lililozama upande wa chini. Nilinunua dawa ya ukungu. Haikusaidia chochote, kwa kuwa haukuwa ugonjwa. Kuoza kitakoni hutokea tunda linapokosa kalisi, na mara nyingi kalisi imo udongoni lakini maji ya kuibeba yanakuja leo, yanakosekana kesho. Nyanya inataka maji kidogo kila siku kuliko maji mengi mara moja.

Tuchukue mfano wa miche 100. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Weka zako mahali pake.

Mwezi wa kwanza baada ya kupandikiza, mche unahitaji takribani lita 1 kwa siku. Hiyo ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Baada ya hapo, ukiwa unachanua na kubeba matunda katika joto letu, hesabu lita 2 kwa siku, na siku za jua kali zaidi hata 3. Tuseme 2: mitungi kumi kwa siku. Kutoka kupandikiza hadi kuchuma tunda la mwisho ni kama siku 125. Siku 30 kwa mitungi mitano ni mitungi 150. Siku 95 kwa mitungi kumi ni mitungi 950. Jumla, mitungi 1,100.

Sasa upande wa mapato. Nyanya za asili zikitunzwa vizuri, kadiria kwa tahadhari kilo 2 kwa mche. Miche 100 ni kilo 200 katika wiki nane za kuchuma, yaani kilo 25 kwa wiki. Si zote zitakazofaa hoteli. Theluthi moja hivi itapasuka, itaungua jua au itakuwa na umbo ambalo mpishi atakurudishia. Tuseme kilo 130 zinaenda hotelini kwa shilingi 120 kwa kilo na 70 zinaenda kwa mama mboga kwa shilingi 50. Hiyo ni 15,600 na 3,500; jumla shilingi 19,100.

Ukipata mtungi kwa shilingi 5 kioskini, maji yatakugharimu 5,500. Unabaki na kitu. Ukinunua kwa mkokoteni kwa shilingi 20, maji peke yake ni 22,000. Umefanya kazi miezi minne na umelipa kwa ajili ya kufanya kazi hiyo, kabla hata ya kuhesabu mbegu, samadi, kamba na dawa. Mtu asikuambie kilimo cha nyanya kinalipa au hakilipi kabla hajakuuliza mtungi wako ni bei gani.

Kuna njia za kupunguza hesabu hiyo. Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa kiganja juu ya udongo huzuia maji mengi yasipotee kwa jua, na pia hupunguza ile hali ya udongo kulowa na kukauka ghafla. Mpira wa matone hupeleka maji kwenye shina tu. Paa nalo lisidharauliwe: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 6 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 960. Ukiondoa yanayomwagika bado una zaidi ya mitungi 35 kwa mvua moja. Mwenye mifereji na tangi mwezi wa Aprili anaanza msimu akiwa mbele.

Onyo kuhusu visima: baadhi ya maji ya visima katika eneo letu yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo baada ya kumwagilia, au kwenye sufuria baada ya kuchemsha, peleka chupa ya maji hayo yapimwe kabla ya kuyategemea.

Wakati wa kupanda

Nyanya huchanua katika joto lolote, lakini haishiki matunda katika joto lolote. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku ukabaki juu ya nyuzi 21 au zaidi, chavua hudhoofika na maua huanguka. Mkulima huona mche mkubwa wa kijani, maua mengi, na hakuna kitu. Aina nyingi za asili huumia zaidi kwa hili kuliko chotara zilizozalishwa kwa ajili ya joto.

Kwa Isiolo, hii ina maana maua yasitegwe Februari na Machi. Miezi yetu yenye nafuu ni Juni hadi Agosti. Ukisia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, mche unakuwa tayari kupandikizwa baada ya wiki nne au tano, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Unachanua Julai. Unaanza kuchuma katikati ya Agosti na kuendelea hadi mwanzo wa Oktoba. Ratiba hiyo inakutana na msimu wa watalii katika hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, ambao huwa na wageni wengi kuanzia Julai hadi Oktoba. Kwa mara moja, hali ya hewa na kalenda ya mpishi zinakubaliana.

Ubaya wa miezi hiyo ni upepo. Money Maker na Brandywine ni za kupanda juu, zinarefuka kupita urefu wa mtu, na upepo wa Julai unaweza kulaza mstari mzima. Simika miti imara siku ile ile ya kupandikiza, usingoje mche urefuke. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche, mita moja kati ya mistari, na ondoa vichipukizi vya pembeni kila wiki ubaki na shina moja au mawili. Usikate majani yote yanayofunika matunda. Jua letu huunguza nyanya iliyo wazi ikabaki na bamba jeupe.

Samadi ya mbuzi tunayo ya kutosha, lakini iwe imeoza sawasawa kwa miezi kadhaa. Iliyo mbichi huunguza mizizi na kuleta majani mengi bila matunda. Tena mbuzi wetu hula maganda ya mathenge, na mbegu zake hupita tumboni zikiwa hai. Nimeona kitalu kilichoota mathenge kuliko nyanya. Lundo la samadi lililopata joto kali katikati na kugeuzwa mara kadhaa hupunguza shida hiyo.

Na ua. Bila ua wa miiba au waya, kila kitu kilichoandikwa hapa ni chakula cha mbuzi.

Wadudu

Nondo mdogo Tuta absoluta, ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze, alithibitishwa Kenya mwaka 2014, na sisi wa upande huu tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kumwona. Kiwavi wake hutoboa ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali dawa haifiki kwa urahisi, na amezoea dawa nyingi. Kinachosaidia ni kuanza mapema: mitego ya harufu ya kunasa nondo dume, kuchuma majani yenye michirizi na kuyazika au kuyachoma, na kutorudia nyanya, viazi au biringanya mahali pale pale msimu unaofuata. Utitiri mwekundu hupenda vumbi na ukame, hivyo angalia chini ya majani ya mistari iliyo kando ya barabara.

Aina nyingi za asili hazina kinga dhidi ya mnyauko na minyoo ya mizizi ambayo chotara nyingi zimezalishwa nayo. Mche ukinyauka ghafla ukiwa na maji, ung'oe na mizizi yake na usiutupe kwenye lundo la samadi. Ukipulizia dawa yoyote, soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Mpishi anayehudumia wageni hatasamehe kosa hilo, na wala sisi tunaokula nyumbani hatupaswi kulisamehe.

Mbegu na sheria

Wakaazi wengi wameogopa kuhifadhi na kugawana mbegu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, iliweka adhabu ya hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa makosa yaliyojumuisha kuuza na kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022. Novemba 2025, Mahakama Kuu, Jaji Rhoda Rutto, iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kugawana mbegu zao vinakiuka Katiba. Kwa mkulima wa nyanya za asili uamuzi huu una uzito, kwa kuwa faida ya aina hizi ni kununua mbegu mara moja. Anayetaka kufungua biashara ya kuuza mbegu zenye nembo bado anahitaji kuzungumza na KEPHIS kwanza.

KEPHIS ndiyo pia mlango wa mbegu kutoka nje. Jamaa aliye Minnesota au Dubai hawezi tu kukutumia pakiti ya Black Krim ndani ya bahasha. Inahitajika ruhusa ya kuingiza mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Magonjwa husafiri ndani ya mbegu. Anza na Money Maker ya dukani. Mtandao wa Seed Savers ulioko Gilgil nao hufanya kazi ya mbegu za wakulima.

Kuhifadhi mbegu ni rahisi. Chagua tunda bora kutoka mche bora, si tunda lililobaki. Kamulia mbegu na maji yake kwenye kikombe, funika kwa kitambaa, acha siku mbili zichachuke hadi ute uachane na mbegu. Osha, mwaga zinazoelea, anika kivulini kwenye sahani, si kwenye karatasi maana zitanata. Zikikauka kabisa ziweke kwenye chupa kavu yenye jina na tarehe. Zikiwa mahali pakavu na pasipo joto hudumu miaka minne au zaidi. Nyanya hujichavusha yenyewe mara nyingi, lakini ukiwa na aina mbili zitenganishe mita kadhaa ili zisichanganyike.

Kumwendea mnunuzi

Nenda kwa mpishi mkuu au msimamizi wa manunuzi kabla ya kusia, mwezi wa Aprili, si Agosti ukiwa na ndoo ya nyanya zinazooza. Enda kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, jikoni kukiwa kumetulia. Muulize anataka rangi gani, ukubwa gani, kilo ngapi, siku gani za wiki. Kwa miche 100 ya mfano wetu, hesabu ilitoa kama kilo 16 za daraja la hoteli kwa wiki, mwahidi 10. Mpishi akishaandika nyanya zako kwenye menyu, wiki usiyofika humwaibisha mbele ya wageni, na hatakuita tena. Wakulima watatu wa mtaa mmoja waliosia kwa kupishana wiki tatu wanaweza kuahidi kwa muda mrefu kuliko mmoja mwenye shamba kubwa.

Uliza pia malipo. Hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30 au zaidi, na mtungi wa maji haungoji siku 30. Afadhali bei ya chini kidogo inayolipwa kwa M-Pesa siku ya kupokea. Utaombwa ankara ya eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mnunuzi. Kwa muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, sheria inamruhusu mnunuzi kuitoa ankara hiyo mwenyewe. Mkulima asikubali kunyimwa biashara kwa sababu ya karatasi ambayo mnunuzi anaweza kuiandika.

Chuma asubuhi, tunda likiwa limeanza kugeuka rangi. Litamalizia kuiva ndani ya nyumba bila kupoteza ladha ya maana. Panga safu moja tu kwenye trei, kikonyo kikiwa chini, na usiweke kwenye friji, kwani baridi huua harufu. Kwa bodaboda, trei ifungwe juu ya godoro la sponji.

Anayetaka kuanza msimu huu amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya katikati ya Aprili. Aende na udongo kilo moja uliochotwa sehemu tano za kiploti na kuchanganywa, chupa ya maji atakayotumia, na karatasi yenye mambo mawili: bei ya mtungi anaolipa, na jina la mnunuzi aliyezungumza naye.